Lenco ya Ami: kisa cha kuutafuta mkono

Ami alikuja na tuktuk, mashine yake ya kupigia santuri ameipakata mwenyewe ijapokuwa dereva alimwambia aiweke chini. Shuka ilipofunuliwa ikaonekana Lenco, ile L75 iliyotengenezwa Burgdorf, Uswisi, ila kibati cha mbele kimeandikwa Goldring-Lenco GL75. Hilo ni jina zilizouziwa Uingereza, kwa hiyo hata bila kuambiwa unajua ilipitia wapi kabla ya kufika Mombasa.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hii siku hizi yaimba kama mtu asiye na meno. Kila penye 's' yatoka upepo mtupu."

Niliiwasha palepale. Mota ilizunguka kimya kuliko nilivyotazamia kwa mashine ya umri ule. Sahani ya Lenco ina uzito wa kilo 4 hivi, na huzungushwa na gurudumu la mpira linalogusa sahani kwa chini, huku upande wa pili likiegemea fimbo ya mota iliyochongwa nyembamba kwenda mbele. Ukisogeza wenzo, gurudumu linatembea juu ya fimbo ile, na kasi inabadilika polepole kutoka mizunguko 30 kwa dakika mpaka zaidi ya 78 bila kuruka. Kwa hiyo sehemu ya kuzungusha ilikuwa nzima. Tabu yote ilikuwa kwenye mkono, ule unaobeba sindano.

Mkono wa asili wa Lenco umeegemezwa kwa makali mawili kama ya kisu, na makali hayo yanakaa ndani ya vijibapa viwili vyenye umbo la V. Vijibapa hivyo vilitengenezwa kwa kitu laini jamii ya mpira, na hakuna Lenco ya zamani niliyowahi kuifungua nikavikuta vizima. Vya Ami vilikuwa vimegeuka ungaunga. Nilipoinua mkono vikabaki kwenye kidole changu, vyeusi, kama masizi ya kibatari. Maana yake makali yale yalikuwa yakikaa juu ya chuma kitupu na mkono unayumba ndani ya nyumba yake. Nyuma nako kuna kipande cha mpira kinachoshika uzito wa mizani, nacho kilikuwa kimelegea, uzito umeinama kama mkia wa mbwa aliyekemewa. Na kati ya nyuzi nne za ndani, moja ilikuwa imekatika na kuungwa kwa lehemu nene, mzee fulani alifanya kazi hiyo zamani kwa nia njema.

Sasa, watu wengi wakifika hapa huuliza, "Fundi, niutie mkono gani?" Wanataka jina. Mimi huwauliza kwanza wanapiga santuri gani, na wanapiga kwa sindano gani. Mashine yenyewe huwa mwisho, maana mashine inachodai kwa mkono ni nafasi na tundu tu. Sindano ndiyo inayodai uzito.

Basi nikaenda nyumbani kwa Ami kuziona santuri. Sebuleni kuna kabati la milango ya vioo, na ndani yake zimepangwa kwa kusimama. Nyingi mno ni za mizunguko 45, zile ndogo za inchi 7: taarabu ya Mombasa na ya Lamu, dansi la Nairobi, za Kikongo ambazo kila nyumba ya rika lake inazo. LP kubwa hazizidi thelathini. Halafu chini kabisa, ndani ya sanduku la mbao, zimetengwa na karatasi za gazeti, santuri za zamani za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo. Kila mtu wa pwani anajua habari za Siti binti Saad kupelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya santuri ya HMV; Ami anazo mbili anazosema ni za safari ile. Sikubishana naye. Nilichokiona ni kwamba mifereji yake ni mipana, na sindano ya kawaida ikiteremka mle itakuwa kama mpira wa tenisi ndani ya mtaro wa barabara: unagota huku na huku chini kwenye taka, kuta haugusi sawasawa.

Hapo tayari nusu ya jibu nilikuwa nayo. Sindano ya santuri za kisasa ncha yake ni mikroni 15 mpaka 18 hivi, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Ya 78 ni mikroni 65 au 75, mara nne hivi. Hakuna sindano moja ya kufanya kazi zote mbili, kwa hiyo mkono wowote utakaochaguliwa lazima uwe na hedisheli inayofunguka, yaani kile kijikofia cha mbele kinachobeba katriji, kidude chenye sindano. Unakuwa na mbili, kila moja na sindano yake, unafungua hii unafunga ile.

Nusu ya pili ililetwa na mwanawe. Yeye yuko Birmingham, na alikuwa amekwisha mtumia babake katriji ya Denon DL-103 pamoja na kibuku cha maelezo ambacho Ami alikitumia kuweka alama kwenye kitabu kingine. DL-103 ilibuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya redio ya taifa ya Japani, NHK, na mpaka leo inatengenezwa. Naipenda. Ncha yake ni ya duara ya kawaida, mikroni 16.5, na ncha ya namna hiyo husamehe santuri zilizochoka, na za Ami zimechezeshwa harusini. Hukandamizwa kwa gramu 2.5. Lakini ina jambo moja ambalo ndilo lililoamua kisa hiki: ni ngumu. Ule ujiti unaobeba sindano haukubali kupinda ovyo.

Niruhusu nieleze kidogo, maana bila hili mengine yatakuwa kama uganga. Mkono na katriji ni uzito. Ujiti wa sindano ni springi. Ukifunga uzito kwenye springi na kuugusa, unachezacheza kwa mwendo wake wenyewe, kama kikapu kilichoning'inizwa kwa mpira wa baiskeli. Uzito mkubwa na springi laini, unacheza polepole. Uzito mdogo na springi ngumu, unacheza haraka. Santuri iliyopinda inaisukuma sindano kupanda na kushuka isiyofika mara 7 kwa sekunde, na muziki unaanzia kama mara 20. Unataka mchezo wa mkono wako uangukie katikati, hezi 8 mpaka 12 (yaani mara 8 mpaka 12 kwa sekunde), mahali ambapo hapana mpindo wala muziki wa kuuchokoza. Hesabu yake ni fupi: chukua uzito wote kwa gramu, uzidishe kwa ulaini wa ujiti, tafuta kipeuo cha pili, halafu ugawe 159 kwa jibu hilo.

Ulaini wa DL-103 kiwanda kinaandika 5, lakini Wajapani hupima kwa hezi 100. Ukipima kule chini kwenye hezi 10 tunakokutaka, hutoka karibu mara mbili. Mimi hutumia 9. Mtu akichukua 5 ile akaiweka kwenye hesabu moja kwa moja atapata majibu ya kutisha na atanunua mkono mzito kama nondo.

Kijana wa Birmingham alinipigia simu akiwa na jina mkononi. SME, tena ile ndefu ya inchi 12, 3012. Alikuwa ameiona pichani imefungwa kwenye mashine ya Garrard 301, na ni kweli, picha ile hupendeza. SME ilianza mwaka 1946 kama karakana ya kutengeneza vijimodeli vya mashine, ikageukia mikono ya santuri mwaka 1959, na ile namna yake ya kufunga hedisheli kwa kusokota ndiyo iliyoenea dunia nzima. Mwishoni mwa 2019 ikaacha kuuza mikono peke yake, na bei za iliyotumika zikapaa.

"Kaka," nikamwambia, "egemeo la mkono ule linakaa karibu sentimita 30 kutoka katikati ya sahani. Lenco ya mzee inaishia kabla ya hapo. Itabidi tujenge kasha jipya."

"Basi 3009," akasema. "Ile fupi."

Hapo nikatoa kalamu. 3009 iliyoboreshwa, ile ya hedisheli isiyotoka, uzito wake unaosikiwa na sindano ni gramu 6.5. Ongeza katriji gramu 8.5, na skrubu gramu 1. Jumla 16. Mara 9 ni 144. Kipeuo chake 12. Gawa 159 kwa 12 unapata 13.25. Imepita juu ya dirisha letu. Mkono ule ulitengenezwa kwa katriji laini za wakati wake, za akina Shure, na kwa hizo ni mkono bora kabisa. Kwa Denon ni mwepesi mno: besi inakonda, na kwenye kishindo sindano inausukuma mkono badala ya mkono kuishika sindano. Tena hedisheli haitoki, na za 78 tutazipigia wapi? Iko aina nyingine ya 3009 yenye hedisheli ya kutoka, gramu 9.5, hiyo ingekaribia. Lakini bei aliyoikuta mtandaoni ilimfanya anyamaze kidogo kwenye simu.

Nilimwekea mezani na mengine. Rega RB300, ya mwaka 1983, bomba lake limemiminwa kipande kimoja cha alumini pamoja na kichwa. Uzito wake kama gramu 11, ungekubaliana na Denon. Lakini kwa sababu ni kipande kimoja, hedisheli haitoki, na hata kupandisha na kushusha mkono ni mpaka uongeze vijipete vya chuma (washa) chini yake. Kwa mtu wa katriji moja ningemwambia asitafute zaidi. Jelco ya Japani ingefaa kwa kila kitu, ila kiwanda kilifungwa mwaka 2020 na waliobaki nazo wanajua wanacho nini.

Na kuutengeneza mkono wa asili? Swali hili aliniuliza Ami mwenyewe, na ndilo lililokuwa zito kwangu. Vijibapa vipya vinauzwa, vya shaba au plastiki ngumu, rahisi kuliko chakula cha mchana hotelini. Nyuzi hupitishwa upya. Mpira wa nyuma hubadilishwa. Mkono wenyewe si mbaya. Ningekuwa na mteja wa LP tu na katriji moja, ningemfanyia hivyo na kumpa mashine yake siku ya tatu. Kilichonizuia ni hedisheli: ya Lenco ni ya aina yake, haiingiliani na zile za kawaida, na Ami anayo moja tu, nayo ina ufa.

Jibu likatoka Majengo, kwa dijei mmoja aliyeacha kazi. Alikuwa na Technics SL-1200 mbili za enzi za disko. Moja inafanya kazi, nyingine bodi yake iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, na tangu hapo imekuwa meza ya kuwekea redio. Aliniuzia hiyo mbovu nzima. Mota siwezi kuisaidia. Mkono ndio nilioutaka.

Watu wa hifi huucheka mkono wa Technics kwa sababu wameuona kwenye disko. Mimi hutazama karatasi yake. Urefu kutoka egemeo hadi sindano ni milimita 230. Kutoka egemeo hadi katikati ya sahani, 215. Uzito unaosikiwa na sindano, pamoja na hedisheli yake, gramu 12. Hedisheli inatoka kwa kusokota. Na una pete ya kupandisha na kushusha mkono mzima kwa milimita 6 bila kugusa skrubu, kitu ambacho mikono ya bei mara tano haina. Fanya hesabu: 12 na 8.5 na 1 ni 21.5; mara 9 ni 193.5, kipeuo karibu 13.9, jibu hezi 11.4. Tumo ndani, ingawa tumeegemea ukuta wa juu.

Kabla ya kulipa niliupima. Mkono wa dijei hupokea mateso: husukumwa, hurudishwa, huangukiwa na kiwiko. Niliusawazisha mpaka ukaelea, nikaupuliza kwa pumzi ndogo kama unayepoza chai. Ukatembea mpaka ndani, ukasimama, haukurudi wala kukwama. Kisha nikaishika hedisheli kwa vidole viwili nikaitikisa kidogo mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, hata kwa mbali, ujue beringi zimelegea. Nilisikia kidogo, upande mmoja. Beringi zile zinashikwa na skrubu zenye ncha, na ukikaza robo ya mzunguko kupita kiasi umeziua. Nilikaza kama unene wa unywele, nikapuliza tena, nikakaza tena. Jioni nzima ilikwisha hapo.

Kuufunga kwenye Lenco ilikuwa kazi ya chuma. Tundu la zamani halikuwa mahali panapotakiwa, likabidi lipanuliwe kwa tupa, na juu yake nikaweka kibati cha alumini cha milimita 5 chenye tundu la mkono. Ami alikuja kutazama siku ya kukata. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, bakora mapajani.

"Wakata kitu cha watu, fundi."

"Nakata bati, Ami. Mkono wa zamani nautia kwenye boksi, hautupwi."

"Na ukikosea?"

Sikujibu. Milimita 215 nilizipima mara nne, kutoka ncha ya kati ya sahani hadi ncha ya egemeo, kwa rula ya chuma niliyoitoboa tundu la kipenyo cha ncha ile ili isicheze. Hapa kosa la milimita moja si dogo.

Nilikosea pengine. Sahani ya Lenco imesimama juu zaidi ya bati lake kuliko ya Technics, na nilipokwisha funga kila kitu nikakuta mkono unaelekea juu kama mtu anayepanda ngazi, hata pete nikiizungusha mpaka mwisho. Nilipima kila kitu ila hicho. Ikabidi nifungue, nichonge pete ya mvule ya kuinulia kibati, nifunge tena. Halafu nilipowasha kulikuwa na mvumo kwenye spika, ule wa nyuki kwenye debe. Denon inatoa umeme kidogo sana, milivolti 0.3, na amplifaya inaukuza mno, kwa hiyo kosa dogo la waya wa ardhi linakuwa kelele. Nilikuwa nimeunganisha ardhi ya mkono kwenye bati la mashine, na bati la mashine kwenye amplifaya, na mkono tena kwenye amplifaya. Duara kamili. Nilikata waya mmoja, nyuki wakahama.

Sasa ule ukuta wa juu, hezi 11.4. Ningeweza kuuacha. Lakini hedisheli inaweza kuongezewa uzito, na kila gramu ya pale mbele sindano inaisikia karibu yote. Nikakata kipande cha shaba cha kukaa kati ya hedisheli na katriji, na kwa kuwa mizani yangu ya dukani ni ya kupimia vitu vya akili za kawaida, nilikwenda kwa sonara wa mtaa wa pili. Mizani yake husoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Alinitazama nikiweka kishaba kile juu yake, akauliza ni ya karati ngapi. Ilikuwa gramu 4.31, nikaipiga tupa mpaka 4. Hesabu mpya: 25.5 mara 9 ni 229.5, kipeuo 15.15, jibu hezi 10.5. Katikati ya dirisha.

Lakini uzito ukiongezwa mbele lazima uongezwe nyuma. Uzito wa nyuma wa Technics hubeba katriji ya gramu 6 mpaka 10. Zaidi ya hapo kuna kijiuzito cha ziada kinachoskrubiwa kwenye mkia, na hicho, bila shaka, dijei hakuwa nacho, alicheka nilipomuuliza. Fundi mkereza wa Changamwe alinikerezea kingine cha shaba, na ndicho kilicho kizuri kuliko vyote kwenye mashine ile. Kinang'aa mpaka Ami akauliza kama nacho ni cha sonara.

Niliyoyasema mpaka sasa yanahusu uzito. Lipo jambo la pembe, na ndilo linalotibu ule upepo kwenye "s".

Santuri hukatwa na mashine ambayo kichwa chake hutembea kwa mstari mnyoofu kuelekea katikati. Mkono wetu hauendi hivyo. Unazunguka kwenye egemeo lake kama mlango. Kwa hiyo sindano hukaa sambamba na mfereji mahali pawili tu katika santuri nzima, na kwingine kote imekaa upande kidogo. Mahesabu ya kupunguza kasoro hii ni ya tangu 1924. Waliofuata, Löfgren na Baerwald, walitoa jibu ambalo wengi hulitumia leo: mahali pawili pale pawe milimita 66 na 121 kutoka katikati. Kwa LP ni jibu zuri.

Kabati la Ami ni la 45. Mifereji ya santuri ndogo inaanza kama milimita 84 kutoka katikati na inaweza kufika 54. Ile 121 iko hewani, nje ya santuri kabisa! Na ile 66 iko katikati ya wimbo. Mwisho wa wimbo, penye 54, ndiko kwenye tabu kubwa, kwa sababu mfereji unapita chini ya sindano polepole zaidi: mwanzoni ni kama sentimita 40 kwa sekunde, mwishoni 25, na sauti ileile inabanwa kwenye nafasi ndogo. Na taarabu, kama ujuavyo, haiishi kwa upole. Mwimbaji amefika beti la mwisho, fidla zote zimeingia, na hapohapo ndipo sindano yako imekaa vibaya kuliko pote.

Mkono wa Technics ukifungwa kama kiwanda kilivyotaka, sindano ikipita katikati ya sahani kwa milimita 15, mahali pake pawili huangukia karibu 59 na 113. Wenye LP huulalamikia mpango huu na kuisogeza katriji mbele. Kwa Ami niliuacha ulivyo. 59 ni pale hasa beti la mwisho linapolia. Hii ndiyo sababu nyingine iliyonifanya niache kuutamani mkono mrefu. Faida yake kubwa ni kupunguza kosa la pembe kwenye santuri pana, na huku kwetu kazi yote inafanyika ndani ya sentimita tatu za mwisho.

Hedisheli ya pili niliifunga katriji ya 78, sumaku ya kawaida, ncha ya mikroni 65, ya kukandamizwa kwa gramu 4. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi kuliko ya Denon, nilirudi kwa sonara nikaiongezea shaba mpaka hedisheli zote mbili zikawa na uzito mmoja, katriji na skrubu zikiwa ndani. Faida yake ni kwamba Ami akibadilisha hedisheli hahitaji kusawazisha mkono upya. Anazungusha uzito wa nyuma kutoka 2.5 mpaka 4, anapandisha pete kidogo kwa sababu santuri za 78 ni nene, basi. Swichi ya mono anaiwasha: mfereji wa 78 huenda kushoto na kulia tu, kwa hiyo mwendo wa juu chini ni kelele tupu na mono huufuta. Na wenzo wa Lenco unamfaa hapa kuliko mashine nyingi za leo, maana si kila santuri ya zamani ilirekodiwa kwa 78 kamili. Anasogeza kidogo mpaka sauti ya mwimbaji ikae anapoikumbuka. Nilimkanya jambo moja, asizifute zile kwa spiriti. Huyeyusha. Za plastiki hazidhuriki, lakini za 78 zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu, na spiriti ndiyo dawa ya kuiyeyushia.

Siku ya kuichukua alikuja na santuri moja tu mfukoni mwa koti, ya 45, bila jalada, katikati pamechakaa mpaka jina halisomeki. Aliniambia niiweke upande wa pili. Tulisikiliza mpaka mwisho, yeye amesimama karibu na spika ya kulia ambako sikio lake zima liko. Beti la mwisho likaja na fidla zake. "S" zilikuwa "s". Hazikuwa safi kama za studio, santuri ile imepita mikononi mwa watu wengi na mfereji ukishatafunwa hakuna mkono wa kuurudisha. Lakini upepo ulikuwa umekwisha.

"Iweke tena," akasema.

Aliporudi wiki iliyofuata kunilipa kilichobaki, nilikwenda naye nyumbani kuhakikisha pimamaji inasoma sawa kwenye kabati lake. Nilikuta karibu na uzito wa nyuma ameweka vistari viwili vya penseli ili asisahau mahali pa kuuzungushia, na kila kimoja amekiandikia kwa hesabu alizofundishwa chuoni utotoni: ٤٥ na ٧٨. Mkono wa zamani uko juu ya kabati ndani ya boksi la viatu. Vijibapa vipya nimemwagizia, vya shaba, maana alisema hataki mkono ule uende kaburini ukiwa mbovu.